Tone la Maji Chini ya Ekzosi

Nkubu mwezi wa Julai haina huruma. Ukungu hushuka usiku kutoka Kirimara, yaani Mlima Kenya, na kukikucha bado umeikalia migomba kama mgeni asiyejua kuaga. Asubuhi moja ya aina hiyo jirani yangu wa bodaboda aliwasha pikipiki uani kwangu, akaiacha ingurume ipate moto huku akitafuta glavu zake. Mpwa wangu wa Gredi ya Saba alikuwa amechuchumaa nyuma yake, macho kwenye ekzosi. Tone likachungulia mdomoni mwa bomba, likaning'inia, likaanguka sementini. Kisha la pili.

"Mjomba, pikipiki inavuja."

"Inavuja nini?"

Akagusa kwa ncha ya kidole, akanusa, akasita. "Ni maji."

Jirani akacheka. Pikipiki yake hupozwa na upepo tu. Haina rejeta, haina mahali popote pa kutia maji. Tangini mna petroli ya shilingi mia tatu aliyoiweka jana jioni, basi. Na petroli haikai na maji. Vitie vyote viwili katika chupa moja, utikise mpaka mkono uchoke. Ukiweka chupa chini vitaachana, maji chini, petroli juu. Sasa maji haya yametoka wapi?

Nilimwambia mpwa wangu aniletee kigoda. Swali la namna hiyo halijibiwi mtu akiwa amesimama.

Anza na hili: maji ni kitu kimoja. Chembe ya maji ya Mto Thuci na chembe ya maji ya Tana huwezi kuzitofautisha. Petroli si kitu kimoja, ni umati. Katika kizibo kimoja cha soda mna mamia ya aina za molekuli zinazosukumana. Zote ni za ukoo mmoja uitwao hidrokaboni, na ukoo huu umejengwa kwa atomu za aina mbili tu: kaboni, ambayo ndiyo ile ya kwenye mkaa, na haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Kaboni ina mikono minne. Haidrojeni ina mmoja.

Fikiria watoto wa chekechea wakivushwa barabara siku ya soko. Wamepanga mstari, kila mmoja ameshika jirani wa mbele na jirani wa nyuma. Hiyo ndiyo mikono miwili. Mikono miwili iliyobaki kila mtoto ameshikia vifuko, kimoja kila upande. Watoto ni kaboni, vifuko ni haidrojeni. Wa kwanza na wa mwisho katika mstari wana vifuko vitatu, kwa kuwa upande mmoja hawana wa kumshika.

Siri yote ya mafuta imo katika urefu wa huo mstari. Kaboni moja peke yake yenye vifuko vinne ni methani, gesi ile ile inayotoka kwenye tangi la samadi kwa wafugaji wa ng'ombe wa zizini huku kwetu, wanaopikia kinyesi cha Friesian. Kaboni tatu au nne ni gesi ya mtungi. Tangu nne au tano hadi kama kumi na mbili, hapo tuko kwenye petroli. Ukivuka kumi na kuendelea hadi kumi na sita hivi, ni mafuta taa, na mafuta ya ndege ni binamu yake wa karibu. Mistari mirefu zaidi ni dizeli. Ukipita ishirini unapata nta ya mshumaa. Na ile mirefu mno, iliyojisokota ikashikamana kama nywele zisizochanwa, ndiyo lami. Kwa hiyo matatu ya dizeli ikipita juu ya lami kutoka Embu kwenda Meru, imebeba mtungi wa gesi na katoni ya mishumaa, hao ni ndugu wanne wanasafiri pamoja bila kujuana.

Mstari mfupi huondoka upesi. Ni kama mtu asiye na jamaa wengi: akitaka kusafiri, huinuka akaenda. Mstari mrefu una wengi wa kuaga. Unashikana na jirani kila upande, na huhitaji joto jingi ndipo uachiwe uruke kuwa mvuke. Ndiyo maana petroli ikimwagika sementini hukauka kabla hujaleta tambara, ilhali lami ya barabara ya Chuka ipo pale pale miaka nenda miaka rudi, mashimo yakiwa shauri jingine.

Sasa yale maji. Ndani ya silinda petroli inapewa hewa, inabanwa, plagi inatoa cheche. Katika hewa mna oksijeni, na oksijeni ni mchumba asiye na subira. Inainyakua kila kaboni kutoka kwenye mstari wake na kuifanya hewa ya ukaa, na vile vifuko vya haidrojeni inavinyakua pia. Haidrojeni mbili na oksijeni moja ni nini? Mpwa wangu alijibu kabla sijamaliza. Maji. H2O wanayoiandika ubaoni kila muhula.

Jirani hakuamini, nikalazimika kupiga hesabu na kijiti ardhini. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu kama 740. Ikiungua yote sawasawa hunyonya kilo kama mbili na nusu za oksijeni, na kinachotoka nyuma ni hewa ya ukaa kilo 2.3 hivi pamoja na maji yanayokaribia lita moja. Naam, lita kwa lita. Unaweka lita ya petroli tangini, ekzosi inatoa lita ya maji, ila inaitoa ikiwa mvuke wa moto usioonekana. Asubuhi ya Julai bomba likiwa baridi, mvuke huo hukutana na chuma baridi ukageuka matone, kama unavyofanya kwenye kifuniko cha sufuria ya chai. Bomba likishapata moto, huoni kitu tena. Nao ule uzito wa ziada, gramu 740 kuzaa zaidi ya kilo tatu, haukutoka tangini. Ulitoka hewani.

"Na vile vifuko," mpwa wangu akauliza, "nani alivipa petroli?"

Hapo ndipo hadithi inapotuhamisha kutoka Nkubu kwenda kaskazini, kupita Isiolo, hadi Turkana. Mnamo Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba kampuni ya Tullow Oil imepata mafuta katika kisima kilichoitwa Ngamia-1, eneo la Lokichar. Baadaye kikaja kisima cha Twiga na vingine. Jiwe lililozaa mafuta yale lilikuwa tope la ziwa. Mamilioni ya miaka iliyopita Lokichar palikuwa na ziwa kubwa katika Bonde la Ufa, na juu yake palielea mwani mdogo usioonekana kwa macho, ule unaofanya bwawa kuwa la kijani. Mwani ulikula jua. Ulichukua haidrojeni kutoka katika maji na kaboni kutoka hewani, ukajijengea mafuta mwilini. Ulipokufa ukazama, ukafunikwa na tope mahali pasipo na hewa ya kuuozesha, juu yake tope jingine, na jingine, hadi ukalala kilomita kadhaa chini ambako ardhi ina joto kama la chai iliyotoka jikoni. Hapo ukapikwa polepole mno. Hakuna mpishi aliyewahi kuinjika chungu kwa muda mrefu hivyo.

Mafuta ya baharini na mafuta ya ziwani hayafanani tabia. Haya ya Lokichar yana nta nyingi, yaani mistari mirefu imejaa. Wale wanaopaka mafuta ya nazi wananielewa: chupa inayomiminika Mombasa, ukija nayo Meru mwezi wa saba inaganda nyeupe, unaichokoa kwa kijiti. Mafuta ghafi ya Turkana yakipoa hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo serikali ilipoanza kuyasafirisha kwa malori mwezi Juni 2018, ilibidi yatumike matangi yanayohifadhi joto, mithili ya chupa za chai zenye magurudumu, kutoka Lokichar hadi Mombasa. Mwezi Agosti 2019 meli ya Celsius Riga ikang'oa nanga na mapipa 240,000. Waganda nao wana mafuta ya jamii hiyo hiyo kando ya Ziwa Albert, ndiyo sababu bomba lao la kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, limebuniwa lipashwe joto njia nzima.

Lakini ngoja. Mafuta yetu wenyewe, na tukayapeleka ng'ambo? Mpwa wangu alikunja uso, na mimi huwa nakunja uso hapo hapo kila nikifika. Pale Changamwe, Mombasa, tulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta. Kilianza kazi 1963, mwaka wa uhuru, kikasimama 2013. Nitakueleza kilichokisimamisha baada ya kukueleza kazi yake, maana bila kuielewa kazi hutaelewa kifo.

Kazi ya kwanza ya kiwanda ni kunereka. Wapo wazee humu vijijini wanaolijua neno hilo kwa pipa na bomba lililopitishwa ndani ya maji baridi, lakini hao tuwaache. Mimi hupenda kueleza kwa mlima.

Chukua gari kutoka Ishiara, chini kabisa kwa Wambeere. Kuna joto, udongo mwekundu, watu wanalima mtama, ndengu na muguka. Panda kuelekea Runyenjes. Hewa inalegea, unaona kahawa. Panda tena mpaka Kianjokoma: majani chai, yamefunika kilima kama zulia. Zaidi ya hapo ni msitu, kisha mianzi, kisha nyasi za baridi, na mwisho kabisa mawe na barafu kule Batian, mita 5,199 juu ya bahari. Hakuna aliyeuamuru mchai ukae Kianjokoma. Mchai ukipandwa Ishiara unakufa kwa joto. Mtama ukipelekwa msituni unakufa kwa baridi. Kila mmea umepata kimo chake.

Mnara wa kunerekea ni mlima huo huo, ila wa chuma. Mafuta ghafi hupitishwa kwenye tanuri yakafika nyuzi 350 hivi, kisha yakaingizwa chini ya mnara yakiwa sehemu kubwa mvuke. Chini ni Ishiara: moto. Juu ni Batian: baridi kwa kulinganisha. Mvuke unapanda. Ndani ya mnara mna sinia nyingi zenye matundu, moja juu ya nyingine, kama mashamba ya ngazi. Kila molekuli inapanda mpaka ifike kwenye kimo ambacho joto lake haliwezi tena kuibeba, hapo inageuka umajimaji, inatua kwenye sinia, inatolewa kwa bomba la pembeni. Lami haipandi kabisa, inabaki Ishiara. Dizeli inafika kwenye kahawa. Mafuta taa yanapanda zaidi. Petroli inafika karibu na barafu. Na gesi ya mtungi inapita hata barafu, inatokea kileleni bado ikiwa gesi, na huko ndiko inakodakwa ikabanwa mitungini.

Hakuna kilichoumbwa hapo. Umati umepangwa tu kwa kimo.

Shida inakuja ukipima kila sinia imetoa kiasi gani. Mafuta ghafi hayana adabu. Hayakupi unachotaka, yanakupa yalichonacho. Hayo yenye nta ndiyo kabisa: chini ya mnara kumejaa, juu kuna kidogo. Zamani hilo halikumsumbua mtu. Karne ya kumi na tisa mafuta yalichimbwa kwa ajili ya taa, na petroli ilikuwa balaa inayowaka ovyo. Wasafishaji waliimwaga mtoni ili iwaondokee. Mwaka 1888 Bertha Benz wa Ujerumani alichukua gari alilolitengeneza mumewe, akawapakia wanawe wawili, akaenda kwa mamake bila kumwambia mume, safari ya zaidi ya kilomita 100, ambayo haipishani sana na ile ya Embu hadi Nkubu. Njiani mafuta yakaisha. Vituo vya mafuta havikuwapo. Aliyapata kwa mwuza dawa katika mji wa Wiesloch, kwa sababu kitu hicho wakati huo kiliuzwa kwa chupa, cha kuondolea madoa kwenye nguo.

Magari yalipoongezeka mambo yakageuka. Kila mtu alitaka petroli, na mnara ulitoa kidogo. Basi wanakemia wakajiuliza swali la fundi wa nguo: ikiwa vitambaa virefu ni vingi na vifupi havitoshi, kwa nini nisikate? Mwaka 1913 Mmarekani William Burton alipata hataza ya kuvunja mistari mirefu kwa joto na shinikizo kubwa. Miaka ya 1930 Mfaransa Eugène Houdry akaonyesha kwamba ukitumia kichocheo, udongo maalumu unaoigusa molekuli na kuilegeza bila wenyewe kuliwa, mistari inakatika kwa urahisi na petroli inayopatikana ni bora. Mstari wa watoto kumi na sita unakatwa katikati, unapata mistari miwili ya wanane. Dizeli imekuwa petroli.

Hapo ndipo Changamwe ilipokwama. Kiwanda kile kilikuwa cha mtindo wa zamani: kilijua kupanga, hakikujua kukata. Kilitoa mafuta mazito kwa wingi wakati nchi ilihitaji petroli na dizeli, na gharama yake ikashindana na petroli iliyokwisha kusafishwa kwenye viwanda vikubwa vya ng'ambo. Tangu 2013 Kenya haisafishi tone. Matangi yake yamebaki ya kuhifadhia. Petroli tunayochoma huja kwa meli ikiwa tayari, na tangu 2023 serikali imekuwa na mapatano ya kuichukua kwa mkopo kutoka kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Bahari ile ile iliyoleta tende na majahazi.

Kutoka Mombasa petroli inasukumwa na bomba la Kenya Pipeline kupitia Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud hadi Nairobi, kilomita 450 hivi. Na hili huwashangaza wengi: bomba ni moja lakini mzigo ni wa aina nyingi. Inatangulia petroli, inafuata dizeli, nyuma yake mafuta ya ndege, zikifuatana humo humo kama abiria kwenye foleni. Zinachanganyika kidogo tu pale mkia wa moja unapokutana na kichwa cha nyingine, na kipande hicho hutengwa kando. Ikifika Nairobi inapakiwa kwenye malori. Yanayokuja kwetu hupitia Embu, au huzunguka mlima kupitia Nanyuki na Timau. Kila tarehe 14 jioni EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, hutangaza bei ya mwezi, na utasikia redio zote za stendi zikinyamazisha muziki. Sisi tulio mbali na bahari hulipa zaidi. Mlima mzuri, lakini una nauli yake.

Jirani alikuwa amesahau glavu. Aliketi juu ya tangi, akaniambia sijaeleza jambo moja linalomuuma. Mwaka jana alijaza mahali fulani njiani, hakupataja na mimi sitapataja, akashuka Nithi na abiria. Mnalijua bonde lile: barabara inajitupa chini hadi darajani halafu inapanda upande wa pili. Katikati ya mlima injini ikaanza kugonga, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayetikisa changarawe katika mkebe wa mafuta ya kupikia ya Cowboy. Moshi mweupe. Pikipiki ikazima, abiria akamalizia mlima kwa miguu akinung'unika. Fundi wa Chogoria alipoifungua plagi ilikuwa nyeusi tii. Akasema neno moja: "Umeuziwa mchanganyiko."

Hapa kemia inashuka barabarani. Ndani ya silinda petroli hubanwa sana kabla ya cheche. Inatakiwa ivumilie kubanwa, ingoje cheche, ndipo moto utembee kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi ukingoni. Mistari iliyonyooka haina uvumilivu. Ikibanwa inalipuka yenyewe kwenye kona, kabla moto haujaifikia, na ule mlipuko unaigonga pistoni isivyotakiwa. Hiyo ndiyo sauti ya changarawe. Molekuli zenye matawi, ambazo watoto hawakupanga mstari bali wamejikusanya kama kichaka, huvumilia. Wanakemia walichagua kichaka kimoja chenye kaboni nane, isooktani, wakakipa alama 100, na mstari mmoja ulionyooka wa kaboni saba, heptani, wakaupa sufuri. Ukisikia petroli ya oktani 93, maana yake inavumilia kubanwa sawa na mchanganyiko wa sehemu 93 za kichaka na saba za mstari. Kwa hiyo kiwandani, baada ya kupanga na kukata, kuna kazi ya tatu, kukunja: kuichukua mistari iliyonyooka na kuigeuza vichaka na pete.

Kulikuwa na njia ya mkato, na dunia iliifuata kwa miaka mia. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba ukitia kidogo tu cha kemikali yenye madini ya risasi, injini haigongi. Rahisi, nafuu. Risasi hiyo ikatoka kwenye ekzosi ikatua kwenye vumbi, kwenye sukuma wiki ya kando ya barabara, kwenye damu ya watoto, na katika ubongo wa mtoto risasi haina kipimo kilicho salama. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha kufikia Januari 2006. Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuzia magari, Julai 2021, na habari hiyo ilitangazwa mwezi uliofuata na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Kenya, Gigiri.

Mchanganyiko wa jirani ulikuwa wa petroli na mafuta taa. Mafuta taa ni mistari mirefu zaidi, iliyonyooka zaidi: hayana uvumilivu wa kubanwa, na hayageuki mvuke upesi, kwa hiyo nusu yake huungua nusunusu na kuacha masizi kwenye plagi. Kwa miaka mingi yalikuwa na bei ya chini kwa sababu ya kodi ndogo, na wenye tamaa wakaona mwanya. Mwaka 2018 serikali ikayawekea ada ya shilingi 18 kwa lita ili kuua faida ya wachanganyaji. Wachanganyaji walipata hasara, sawa. Lakini aliyelipa kila jioni ni nyanya wa Tharaka mwenye koroboi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Sijui kama hesabu hiyo ilipigwa.

Nilimwonyesha jirani kipimo cha mafundi. Chukua karatasi nyeupe, mbali na jiko na mbali na sigara. Dondosha tone la petroli. Subiri. Ikiwa safi, karatasi inakauka na kubaki kama ilivyokuwa. Ikiwa na mafuta taa ndani, inabaki alama yenye mng'ao, kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Mistari mifupi imeruka, mirefu imebaki. Hiyo karatasi ni mnara wa Changamwe mdogo kuliko yote. Tulijaribu ya siku ile kutoka tangini. Ilikauka safi, jirani akapumua.

Mpwa wangu aliinama kuinusa, nikamvuta nyuma. Hili lazima niliseme kwa ukali, nalo si utani. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sufuri. Ukipanda na chupa yake usiku hadi kwenye barafu ya Kirimara, bado itawaka kwa cheche. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Haupandi ukapotea. Unatambaa chini kama ukungu wetu wa asubuhi, unafuata mitaro, unaingia mabondeni, huuoni, na ukikutana na moto hatua thelathini mbele, moto unarudi mbio kwa njia ile ile uliyojia mvuke. Ndivyo ilivyokuwa Sachangwan karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009. Lori la petroli lilipinduka, watu wakaja na ndoo na mitungi, cheche ikatokea, wakafa zaidi ya 100. Ndivyo ilivyokuwa Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019: lori, umati, mitungi, na tena wafu zaidi ya 100. Waliokuwa wakichota waliiona petroli iliyo mtaroni. Ile iliyokuwa imewafika magotini hawakuiona.

Tulinyamaza kidogo. Jua lilikuwa limeanza kupasua ukungu upande wa Nyambene. Jirani akavaa glavu, akasema ana mteja wa kumpeleka Kanyakine, na kwamba akichelewa hatalipwa kemia. Aliongeza moto mara mbili. Ekzosi ilikuwa imeshapata joto. Hakukutoka tone, hakukuonekana mvuke, ingawa sasa mpwa wangu alijua unatoka. Aliusogeza mkono nyuma ya bomba, kwa umbali, akauhisi unyevu kiganjani.

"Haya maji," akasema, "yaliwahi kuwa ziwa?"

"Haidrojeni yake, labda. Yaelekea bahari, maana petroli yetu huja kutoka Ghuba. Oksijeni yake ni ya hapa Nkubu, ya asubuhi hii."

Pikipiki ikatoka langoni. Pale sementini palibaki matone saba au manane, na kuku wetu mmoja, ambaye hajawahi kuona kitu kinachong'aa akakiacha, akaja mbio kuyadonoa. Mpwa wangu akamfukuza kwa kigoda.

"Acha! Si ya kunywa!" Kisha akanigeukia. "Ni maji lakini si ya kunywa, sivyo?"

"Yamepita kwenye masizi na asidi ya ekzosi. Mwache anywe kwenye beseni lake."

Kuku akazunguka nyuma ya tangi la maji, akarudi kwa upande wa pili.